Charango Wakati wa Maua ya Viazi

Wayllapata, Potosí ya Kaskazini
28 Oktoba 1991

Kwako Mama Mkubwa Eduviges,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba magoti yako yametulia tangu baridi ilipoiaga Jujuy. Mimi ni buheri wa afya, ukiacha midomo iliyopasuka kwa upepo wa huku juu. Nisalimie jirani Hortensia na mumewe mgonjwa.

Sina budi kukushukuru tena kwa kunielekeza katika kijiji hiki. Uliposema kwamba sokoni umesikia habari za fundi wa charango aitwaye Fermín Colque, nilidhani ni maneno ya wachuuzi. Sasa nakiri kwamba katika miaka sita ya chuo sikupata kuona mkono kama ule. Kigitaa chenyewe ni kidogo, hakizidi urefu wa mkono wa mtoto, lakini yeye hutoa humo sauti ya watu watatu wanaogombana. Mimi ananiita Profesa. Jana aliniambia, “Profesa, vidole vyako vina shahada, ila havina adabu.” Bintiye Nieves, afundishwaye kuimba, na rafiki yangu Wilber wa hapahapa kijijini, afundishwaye charango pamoja nami, walicheka hadi wakaegemea ukuta.

Hata hivyo nimefikwa na jambo la kunikosesha usingizi. Unajua kwamba jopo la Taasisi ya Muziki, kule Córdoba, litaketi tarehe 20 Februari kuchagua mhadhiri msaidizi, na kwamba sharti niwapelekee kaseti yenye charango ya huku, iliyopigwa huku. Nilikuwa nikiahirisha kurekodi hadi mkono wangu uive. Leo Don Fermín ametangaza kwamba ikishaliwa mikate ya Siku ya Wafu, wiki hii, charango zote zitafungwa kwa kitambaa na kulala hadi Karnivali, yaani mwezi Machi. Msimu wa mvua hupigwa filimbi za pinkillu peke yake, kwa kuwa filimbi huita mvua, ilhali charango huita jalidi, umande ule unaoganda alfajiri na kuunguza majani ya viazi. Nami naondoka tarehe 18 Januari.

Nishauri, Mama. Bila kaseti hiyo, sina nafasi.

Mwanao mtiifu,
Leandro


San Salvador de Jujuy
25 Novemba 1991

Leandro mwanangu,

Barua yako imetumia siku ishirini na sita. Punda angeifikisha mapema, tena angekuwa ameshiba njiani. Mimi mzima. Magoti ni yaleyale. Hortensia amemzika mumewe, na tangu siku hiyo anaimba akifua. Usimpe pole ukirudi, utamwaibisha.

Sasa nisikilize. Nilisimama sokoni nikikaanga empanada miaka ishirini ili wewe usome. Umesoma, umevaa joho, nimekupiga picha. Leo mkulima wa viazi anakwambia kigitaa cha nyuzi kumi huleta jalidi, nawe unaitikia “ndiyo, Don Fermín”! Ndiyo maana ya elimu hiyo? Kama unaogopa wingu, rudi nyumbani, nitakununulia mwavuli.

Hiyo kaseti irekodi. Irekodi Januari, viazi vikiwa vimechanua, na ufanye hivyo shambani, si ndani ya nyumba. Sauti hufunguka penye nafasi. Mpiga kinanda wa parokia amenisaidia kuandika noti za wimbo mmoja niliousikia redioni zamani. Nimeuimba kwa mdomo, naye akauweka kwenye mistari. Umo ndani ya bahasha. Piga huo, usipige mwingine.

Tena nieleze: huyo Fermín bado analiza viungo vya vidole, kimoja kimoja, kabla ya kushika nyuzi? Mkewe yu hai? Shamba lake ni lile la kando ya mto, au alihamia juu?

Kula vizuri.

Mama yako mkubwa,
Eduviges


Wayllapata
19 Desemba 1991

Mama Mkubwa mpendwa,

Krismasi njema, na pole zangu kwa Hortensia, ambazo kwa agizo lako hutazifikisha. Mvua zimeshika. Viazi vimekwisha kutoa machipukizi, na kila jioni tunapuliza pinkillu uani, Wilber akilalamika kwamba napuliza kama anayepoza supu.

Kabla sijakata tamaa nilimwendea Don Fermín kwa heshima zote, Wilber na Nieves wakiwapo.

“Don Fermín, wimbo mmoja tu. Dakika tatu.”

“Na jalidi inahitaji dakika ngapi, Profesa?”

“Lakini wewe mwenyewe unaamini?”

“Mimi nina mashamba mawili na matumbo manne ya kulisha. Kuamini ni kazi ya padre. Mimi nafunga charango.”

“Akipewa dakika tatu,” akasema Wilber, “kesho ataomba na mke.”

“Mke yupi?” Nieves akadakia. “Huku hakuna mwenye njaa kiasi hicho.”

Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua. Mashaka ya mkulima mmoja hayawezi kufuta miaka sita ya kazi yangu na ishirini ya kwako. Don Fermín atashuka bondeni katikati ya Januari kubadilishana chumvi kwa mahindi. Nimemshawishi Wilber ashike kinasa sauti. Nieves alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia kwamba sauti yake itasikika Córdoba na huenda aitwe huko. Sikuahidi, nilisema huenda. Amekubali kuimba.

Wimbo wako ni wa ajabu. Una mapengo, kana kwamba kuna mtu wa pili anayengojewa aitikie. Je, redioni haukuwa na kitu katika nafasi zile?

Na jambo jingine. Ni kweli kwamba Don Fermín huliza vidole kabla ya kupiga. Ni mjane, na shamba lake kubwa liko kando ya mto. Ila sikumbuki kama nilikuandikia habari za vidole vyake. Ulizijuaje?

Mwanao,
Leandro


Jujuy
3 Januari 1992

Leandro,

Barua hii naipitisha kwa dereva wa lori la Villazón, kwa sababu posta wamelala. Heri ya mwaka mpya. Paa linavuja. Hortensia ameacha kuimba, nadhani ameanza kumkumbuka.

Wapiga nyuzi wote huliza vidole. Usiniulize maswali ya kitoto.

Katika mapengo usiweke kitu. Yaache wazi.

Eduviges


Villazón, mpakani
21 Januari 1992

Kwa Bibi Eduviges,

Salamu. Mimi ni mzima, na basi langu litaondoka kesho. Sina habari za ukoo za kukupa, kwa kuwa nimegundua kwamba habari za ukoo wetu unazo wewe peke yako.

Nitakueleza kwa utaratibu.

Tarehe 15, baada ya chakula cha mchana, tuliingia shambani kando ya mto. Viazi vilikuwa vimechanua, maua meupe na ya zambarau hadi ukingoni. Wilber alikuwa na furaha, akikinong’onezea kinasa sauti, “Halo, Córdoba! Hapa kuna Profesa na kuku wake kumi.” Akimaanisha vidole vyangu. Nilifungua kitambaa cha charango aliyonipa Don Fermín mwenyewe mwezi Julai. Nieves aliimba ubeti wa kwanza bila maneno, kama ulivyoandikwa, na katika mapengo tulinyamaza, kama ulivyoagiza.

Tulipofika ubeti wa pili niliona Wilber ameganda. Don Fermín alikuwa amesimama kwenye tuta nyuma yangu, na punda wawili wakiwa bado na magunia ya chumvi. Daraja la bonde lilikuwa limechukuliwa na maji, akageuza njia.

Nilingojea matusi. Hakutukana. Aliketi juu ya tuta, katikati ya maua yake mwenyewe.

“Nani kakupa huo?”

“Mama mkubwa wangu.”

“Ana jina?”

“Eduviges.”

Alinyoosha mkono nikampa charango. Akaliza vidole, kimoja kimoja, vyote kumi. “Anza tena, binti,” akamwambia Nieves. Naye akaanza, na katika kila pengo mzee yule aliitikia. Hakukosea hata moja. Yale mapengo, Mama, yalikuwa na umbo la mkono wake. Wilber hakuthubutu kuzima kaseti, kwa hiyo imeyashika yote.

Wimbo ulipokwisha, alisema, “Mwaka 1951, mwezi huuhuu, shamba hilihili. Mimi nilikuwa nikipiga, yeye akiimba. Siku ya tatu ikaja jalidi. Walipotuita mkutanoni nilisema aliniibia charango akaipiga mwenyewe. Mwanamke kupiga, tena wakati wa maua! Hawakuhitaji kusikia zaidi.” Kisha akanyanyuka. “Fungeni kitu hicho. Tuombe mawingu yabaki.”

Mawingu hayakubaki. Alfajiri ya tarehe 17 mbingu ilikuwa wazi kama sahani iliyooshwa, na kulipopambazuka majani yote ya kando ya mto yalikuwa meusi. Si shamba lake tu. Mashamba kumi na moja.

Kesho yake mchana watu wote wakakutana mbele ya kanisa. Mchungaji mmoja wa kondoo alisema amesikia nyuzi. Mkuu wa kijiji akauliza ni nani aliyepiga. Nilikuwa nimesimama nyuma na begi langu mgongoni, kwani lori la Uncía lilikuwa likipakia. Nakuapia kwamba nilifungua mdomo. Lakini Don Fermín alikuwa amekwisha kuvua kofia.

“Mimi,” akasema. “Peke yangu.”

“Na mgeni wako?”

“Mgeni hajui hata kupuliza pinkillu. Mwulizeni Wilber.”

Watu wengine walicheka. Walimpa jiwe, wakamwambia aivunje charango mwenyewe. Aliivunja kwa mapigo mawili, akitumia mkono wa kulia. Kisha wakamwondolea shamba la mto kwa mavuno matatu, na wakakubaliana kwamba hataitwa tena kupiga katika sherehe yoyote ya Wayllapata. Mafundisho yake yamekwisha.

Dereva alipiga honi. Nieves alinifuata hadi kwenye lori, nikadhani anakuja kuniaga. Alikuwa amebeba kofia yangu niliyoisahau.

“Nieves,” nikasema, “nikizungumza sasa itasaidia nini?”

“Kaza mzigo wako, Profesa,” akasema. “Barabara ina mashimo.”

Wilber hakutokea.

Ulinituma kama mtu anavyomtuma mbwa. Ulijua msimu, ulijua shamba, ulijua mtu. Nakudai maelezo.

Leandro


Jujuy
2 Februari 1992

Leandro,

Nimepata barua yako. Mvua huku ni kali, paa limezibwa. Hortensia anakusalimu, sikumwambia lolote.

Unadai maelezo. Haya.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wazazi wetu walikuwa wamekufa kwa surua, na mama yako alikuwa na miaka mitatu. Mkutanoni nilimwangalia Fermín nikingojea aseme. Alisema. Mwanamke wa kwetu huimba, hashiki nyuzi. Hata ningetaka kuiba charango nisingejua pa kuweka vidole. Kila mtu pale alijua hivyo. Walikata misuko yangu yote miwili ya nywele, wakaitupa kwenye mfereji, na mimi nikatoka kijijini na mama yako mgongoni. Nilitembea hadi kwenye mashamba ya miwa ya Jujuy. Huko ndiko alikokulia mama yako, na huko ndiko ulikozaliwa wewe, msomi.

Ndiyo, nilikutuma. Sikukulazimisha. Uliambiwa kwamba watu watakosa chakula, ukasema ni mashaka ya mkulima. Nina maandishi yako. Binti wa watu ulimdanganya mwenyewe. Hilo mimi sikukuandikia. Mimi nilikupa karatasi ya noti. Hamu ilikuwa yako.

Nilitaka kitu kimoja tu: asimame tena mahali pale, aulizwe tena, aseme uongo tena, na safari hii awepo binti yake wa kumsikia. Miaka arobaini nimeukaanga mkutano huo pamoja na empanada zangu.

Niandikie tena hilo neno alilosema. “Peke yangu.” Alilisema kwa sauti kubwa? Aliinamisha kichwa?

Usiniletee maombolezo yako. Nijibu hilo.

Eduviges


Córdoba
24 Februari 1992

Mama Mkubwa mpendwa,

Amani iwe kwako. Nimekaa siku nyingi bila kukuandikia, si kwa uchungu, bali kwa wingi wa shughuli. Na naamini kwamba baada ya kutafakari sote wawili tunaweza kuyaacha ya milimani yabaki milimani. Nimepanga chumba karibu na Taasisi, chenye dirisha na meza nzuri.

Nina fahari kukujulisha kwamba jopo limenichagua kwa kauli moja. Kaseti, baada ya kuyafuta maneno ya shambani, iliwashangaza. Mwenyekiti, mtu asiyesifu ovyo, aliirudisha mara tatu katika ile sehemu ya kuitikiana, akasema hajapata kusikia mazungumzo ya namna ile kati ya sauti na nyuzi. Kisha akauliza ni nani anayeitikia.

Utakubaliana nami kwamba swali lilikuwa gumu. Kama ningemtaja Don Fermín, wangetaka kumwalika au kumwandikia, na katika kumwandikia yangefunuka mengi yasiyomfaa yeye wala kijiji. Kwa hiyo, kwa kumhurumia, nilieleza kwamba anayeimba ni mwanakijiji asiyejulikana, na kwamba sehemu zote za charango nilizipiga mimi, nikiwa nimeandika mwenyewe ile sehemu ya kuitikia. Itachapishwa katika jarida la Taasisi mwezi Mei, kwa jina langu.

Umeuliza kuhusu neno lile. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja idadi ya kondoo wake. Hakuinamisha kichwa.

Nakutumia nakala ya kaseti. Naomba baraka zako, kwani mafanikio haya ni ya jasho lako.

Mwanao daima,
Leandro Ferreyra
Mhadhiri Msaidizi


Jujuy
9 Machi 1992

Leandro Ferreyra,

Kaseti imefika. Nilikwenda kuisikiliza kwa Hortensia, maana mimi sina chombo. Aliuliza mbona nimeshika ukingo wa meza. Nikamwambia magoti.

Nimeisikia mara moja. Yatosha. Anapiga vizuri kuliko alipokuwa kijana, na hilo nalo sikumruhusu.

Sasa nisikilize kwa mara ya mwisho, maana baada ya hii sina tena cha kukufundisha.

Nilimtega mwongo, akakiri kosa lisilokuwa hata lake. Alikubebea mzigo wako, wewe mgeni wa miezi michache, wakati mimi, aliyenijua hadi unyayo, alinitupia wake. Kwa hiyo wale watu wa Wayllapata sasa wanaye mzee wao aliyesimama kiume, akavunja charango yake, akanyamaza. Miaka kumi ijayo watamhurumia. Ishirini ijayo watamsifu. Na uongo ule wa mwaka hamsini na moja niliukuta hapa kwangu, kwenye bahasha yako, umevaa joho nililolinunua. Nilimchukia mtu mmoja maisha yangu yote, kumbe nilikuwa nikimnywesha mwingine uji.

Usije hapa Pasaka. Kitanda chako nimempa Hortensia kwa ajili ya mjukuu wake.

Nimemwandikia mwenyekiti wa jopo lako. Barua ni fupi, majina matatu: anayeimba ni Nieves Colque, anayeitikia ni Fermín Colque, aliyetunga sehemu za kuimbwa ni mimi. Lako sikuliandika. Atalikosa mwenyewe.

Karnivali imekwisha na barabara zimekauka. Kesho napanda basi hadi mpakani, kisha lori hadi Uncía, na mwendo uliobaki nitakwenda kwa miguu, magoti yakipenda yasipende. Nitawaomba mkutano. Nitasimama mbele ya kanisa na kuwaambia kwamba jalidi ile niliitengeneza mimi kutoka Jujuy, na aliyepiga ni mpwa wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yao na begi mgongoni. Wakitaka kunikata nywele, zimebaki chache, wajichukulie.

Usidhani naenda kumsamehe Fermín. Naenda kumnyang’anya hiyo “peke yangu” yake. Shamba lake watamrudishia, na sherehe zake. Lakini sifa ile ya wema aliyopewa bure mwezi Januari nitaitoa mkononi mwake mbele ya binti yake, ili abaki na lile tendo moja ambalo kweli alilifanya, afe nalo.

Eduviges Choquevilca,
wa Wayllapata